Mkono wa Kushoto wa Kandida

Ninyi mnaopiga video kwa simu, mkaikata, mkaitia muziki na kuituma Dar es Salaam kabla chai haijapoa, karibuni mkae. Sikuwaita niwaonee wivu. Wivu ninao, lakini nimeuzoea. Nimewaita kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji jina ila anapenda kofia nyekundu, aliniambia kwamba siku hizi simu yenyewe inajua kosa la picha liko wapi na inalirekebisha bila kuulizwa. Alisema kwa majivuno, kama vile simu ameizaa mwenyewe. Nikamwambia, mwanangu, hapo ndipo ninapoogopa.

Jina langu la ubatizo ni Eufrasia, mzaliwa wa Bukiriro, lakini kwa miaka mingi niliitwa Mama Kanda. Nilipiga video za harusi, komunyo na misiba, na zilipoingia deki za DVD nikanunua kompyuta iliyotumika, nikaanza kuhamisha kanda na kuchoma diski. Duka langu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga ya Mzee Ruhaga, kwenye soko lililokuwa jirani na kambi ya wakimbizi, hukuhuku kwetu Ngara. Umeme nilivuta kwake. Akiwasha jenereta asage mahindi, nami nawasha kompyuta. Mahindi yakiisha, kazi yangu imekwisha, hata kama bibi harusi amefika katikati ya kanisa.

Kutafuta ubovu sikufundishwa na kompyuta. Nilifundishwa na fundi redio wa Biharamulo, Fundi Ladislaus, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilikuwa msichana nilipokwenda kukaa kwa shangazi yangu kule, nikawa nashinda kibandani kwake mpaka akachoka kunifukuza. Siku moja mkulima wa Nyabusozi alileta redio iliyokuwa kimya. Fundi alikuwa amekwenda kunywa chai. Mimi kwa kiherehere changu nikafungua skrubu zote, nikachomoa spika, nikalehemu nyaya mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote duniani. Fundi aliporudi alizitazama betri tu. Moja ilikuwa imewekwa kichwa chini. Akaigeuza, akawasha, na redio haikulia, kwa sababu sasa nilikuwa nimeiharibu mimi.

"Ilikuja na ugonjwa mmoja," akasema, "wewe umeipa wa pili."

Mkulima wa watu alikaa pale mpaka jua likageuka, akila karanga na kunitazama. Fundi aliitengeneza mwenyewe, na alipomaliza akanipa neno ambalo nawapa na ninyi: "Eufrasia, kabla hujatafuta kilichoharibika, tafuta kwanza kilicho kizima. Kizima ndicho kitakuonyesha njia." Nilimwogopa fundi yule, na nilimpenda kama baba yangu mdogo. Neno lake nililishika kwa mdomo miaka ishirini kabla ya kulishika kwa akili.

Ushahidi kwamba sikulishika ni harusi ya Mugoma. Programu ya kutengenezea DVD ilikuwa inauliza umbo la picha: la televisheni ya kawaida au la televisheni pana. Nilichagua pana kwa sababu niliona ndiyo ya kisasa. Kamera yangu haikuwa ya kisasa. Basi picha ikavutwa huku na huku, watu wote wakatanuka. Bwana harusi, kijana aliyekuwa mwembamba hata suti ya kuazima ilimzunguka mara mbili, akatokea na mashavu ya diwani. Nilipogundua nilipanda baiskeli hadi Mugoma kuomba radhi na kuichukua diski niirekebishe. Nikawakuta ukoo mzima umejaa sebuleni wanaitazama kwa mara ya nne.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kwa ajili ya ile diski, ina kosa," nikamwambia baba wa bwana harusi.

"Marahaba. Kosa gani?"

"Watu wamenenepa. Ni kosa la kompyuta."

Mzee akanyoosha fimbo kwenye skrini. "Unamwona yule ng'ombe? Ni ng'ombe wa mahari. Wakwe zangu wamezunguka kijiji kizima wakisema nimewapa ng'ombe aliyekonda. Mtazame sasa. Huyo amekonda?"

Ng'ombe alikuwa mnene kama kiboko.

"Lakini baba, kweli yenyewe..."

"Kompyuta imekosea vizuri. Usiiguse."

Nilirudi nacheka njia nzima. Ila nilijifunza somo baya siku ile, kwamba picha ikipendeza, kazi imekwisha. Nililibeba somo hilo mpaka alipokuja Goreti.

Goreti alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, Kandida, akakulia kambini, akaolewa kambini. Harusi yake niliipiga mimi, chini ya turubai. Miezi michache baadaye Kandida akaugua kifua, akafa, akazikwa hukohuko. Ilikuwa miaka ya mwisho ya kambi, malori ya kuwarudisha watu kwao yalikuwa yanaondoka kila wiki, na Jumatatu moja Goreti akasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnaondoka lini?" Siku zile hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza baada ya salamu.

"Alhamisi asubuhi. Majina yetu yameshaandikwa."

Akaketi, akanieleza shida yake. Kule kwao, mama wa Kandida alikuwa bado hai, mzee sana, anaishi na wanawe wa kiume. Goreti aliwatumia salamu kupitia watu waliotangulia, na wajomba walijibu kwa adabu: wanakuja wengi wakisema mimi ni mtoto wa fulani, nasi hatumjui, akija tutamwona. Hawakumtukana, lakini hawakumwita mtoto.

"Sina cheti, sina picha," akasema. "Baba alikufa njiani. Hata Kirundi changu kimeingiwa na Kiswahili cha hapa, nikifungua mdomo wananishangaa. Ushahidi wangu ni mama, na mama yuko kwenye kanda yako tu. Ile uliyotupa iliota ukungu. Jirani wa bibi ana deki ya DVD. Wakimwona anacheza, watamjua."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kanda ya kamera ninayo, Jumatano asubuhi aje achukue diski yake. Nilisema hivyo kwa ulimi laini wa fundi ambaye bado hajaanza kazi.

Jumanne nikaingiza kanda, nikapika diski, ndivyo tunavyoita kompyuta inapogeuza kanda kuwa DVD, nikaipeleka kwenye televisheni. Na hapa mnisikilize vizuri, maana hili hata leo lina faida: usiamini skrini unayofanyia kazi, pima kwenye chombo atakachotumia mteja, tena kile cha hali ya chini kabisa. Mimi nilikuwa na televisheni ya chogo na deki duni kuliko zote sokoni, kwa makusudi. Nikaweka diski. Padri alikuwa sawa. Bibi harusi amesimama, sawa. Ngoma ikaanza, Kandida akaingia uwanjani, akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, jinsi wanawake wa kule wanavyocheza, na hapo picha ikapasuka. Kila kidole kikawa vidole vitatu. Kingo za mikono zikaota meno kama kitana. Akawa anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena, yote hayo ndani ya hatua moja.

Nililaumu diski, nikachoma nyingine. Nililaumu deki, nikaazima mbili. Nikalaumu jenereta, nikamwambia Mzee Ruhaga kwamba mahindi yake yana mawe ndiyo maana umeme unatetemeka. Mzee wa watu akachota kiganja cha mahindi, akakitazama, akanitazama mimi, akarudi zake kwenye mashine.

Kisha nikaona kitufe. Programu ilikuwa na kitufe cha kulainisha, ambacho huchukua picha mbili zinazofuatana na kuzichanganya kuwa moja. Nikakibonyeza, na meno mengi yakatoweka. Palibaki mahali pamoja pakaidi: mkono wa kushoto. Kwenye kifundo, kiganja kile kilikuwa kinatetemeka vibaya sana, haraka, huku mkono wa kulia umetulia. Nikasema, aha, hapa ndipo ugonjwa ulipojificha. Nikalainisha mara ya pili sehemu ile peke yake, na palipozidi nikaondoa picha zenye mtetemo nikarudia za jirani yake. Mpaka Mzee Ruhaga anazima jenereta, Kandida alikuwa anateleza uwanjani kama aliyepakwa samli. Nilifunga duka nikiimba.

Jumatano Goreti akaja mapema. Nilimweka kwenye kiti kizuri. Alitazama harusi yake akitabasamu, na mama yake alipoingia uwanjani tabasamu likaondoka. Akasogea mbele. Akasogea tena.

"Mama, huyu ni nani?"

"Si mama yako, mwanangu?"

"Uso ni wake. Gauni ni lake." Akagusa skrini. "Mkono wake uko wapi?"

"Si huo hapo? Umeinuka."

"Ego, ndiyo, umeinuka. Lakini umekufa."

Nilimwuliza ana maana gani, naye akasimama katikati ya duka langu, akainua mikono yake. Kwenye kilima cha bibi yake, yaani kijiji chake, akasema, mkono wa kulia ni pembe, unatulia. Wa kushoto nao ni pembe, ila kiganja ni sikio la ng'ombe linalofukuza nzi, halina haki ya kutulia hata mara moja. Bibi ndiye aliyewafundisha binti zake, na watu wa vilima vya jirani walikuwa wanawacheka. Akajaribu kunionyesha. Kiganja chake kikatikisika mara mbili tatu, kikachoka.

"Mimi nashindwa," akasema. "Mama alikuwa ananifundisha. Nilikuwa nimemwahidi nitajua kabla hatujarudi."

Vijana wangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Siku ya harusi nilisimama hatua tatu kutoka kwa Kandida. Nilikitazama kiganja kile kwa jicho langu, kupitia kioo cha kamera yangu, nikakifurahia hata nikamfuata uwanjani. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta, na kwa kuwa nilikuwa natafuta kosa, kila kitu kilichotikisika kikawa kosa.

Nikamwambia Goreti ukweli, kwamba nimeharibu, na kwamba tuna mchana mmoja. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Nikaitoa ile diski ya kwanza, mbovu yenye meno, nikaiweka tena. Safari hii nikamkumbuka Fundi Ladislaus. Nikaacha kumtazama Kandida, nikatafuta vilivyo vizima. Nguzo ya turubai: nzima. Wazee waliokaa kwenye benchi na mirija yao kwenye chungu cha pombe: wazima, mpaka mmoja wao ageuze kichwa. Wanaocheza polepole wana meno madogo, anayecheza haraka ana makubwa. Kwa hiyo rangi haikuwa na kosa, wala diski, wala mahindi ya Mzee Ruhaga. Kosa lilikuwa kwenye mwendo.

Picha ya televisheni za wakati ule haikuja nzima. Iligawanywa mistari, kama mlivyogawa namba shuleni, witiri na shufwa. Kwanza inakuja nusu moja, kisha nusu nyingine ambayo imepigwa kitambo kidogo baadaye, na jicho linaziunganisha. Programu inataka uiambie ni mistari ipi itangulie, ya juu au ya chini. Ukikosea, nusu ya baadaye inaonyeshwa kabla ya ile iliyotangulia, na mtu anarudi nyuma wakati anakwenda mbele. Aliyesimama hadhuriki, kwa sababu nusu zake mbili zinafanana. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni anafuata. Ukigeuza utaratibu, pombe ni ileile, lakini wazee wote wanashikwa na wasiwasi.

Kamera yangu ilitanguliza mistari ya chini. Nikafungua mipangilio, nikakuta imeandikwa ya juu. Nani kaandika? Mimi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nahamisha kanda kubwa za zamani za parokia, ambazo kwa kadi yangu ya kuingizia video kwenye kompyuta zilitaka ya juu itangulie, nikabadilisha, nikamaliza, nikaenda zangu kula. Kosa lilikuwa limekaa pale kwenye kona ya skrini siku nane likinisubiri. Nawasihi, kila kazi mpya anzeni kwa kusoma mipangilio yote, hata ile mnayoijua, hasa ile mnayoijua.

Nikabadilisha neno moja, nikaondoa kila ulainishaji nilioweka. Ilibaki kupika upya, na kompyuta yangu ile ilihitaji saa nne. Nikaenda kwa Mzee Ruhaga.

"Mzee, leo utasaga mpaka saa ngapi?"

Akanionyesha magunia mawili. "Haya yakiisha, nazima. Mafuta yenyewe ndiyo haya."

Magunia mawili ni saa moja, basi. Nilirudi dukani. Goreti akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akajifunga khanga vizuri, akatoka bila kuaga.

Hakupita muda mrefu nikasikia sauti za wanawake. Goreti alikuwa amekwenda kambini na kuwaambia wote walioandikwa malori ya Alhamisi kwamba mahindi ya safari yasagwe leo, tena kwa Mzee Ruhaga. Walikuja na mafungu yao ya mgao, vifuko, ndoo, wengine mahindi kidogo tu yaliyofungwa kwenye leso, wakapanga foleni kutoka mlango wa mashine mpaka kwenye mti wa mnada. Kandida walimjua. Wengine alikuwa amewazalisha. Waliposikia ni kwa ajili ya nini, wakawa wanasogea taratibu kwa makusudi, wanamwaga kidogo kidogo, wanabishana juu ya chekeche. Kila nilipochungulia, Mzee Ruhaga, mweupe pepepe kwa unga, alinipungia mkono: "Subili, Mama Kanda, foleni bado ndefu!" Jenereta halikuzimwa mpaka kompyuta ilipomaliza. Unga ule, na ile diski, vilipikwa na moto mmoja.

Nilichoma nakala mbili kwa mwendo wa chini kabisa, kwa maana diski ikichomwa kwa haraka deki duni inaikataa. Sikubandika karatasi juu yake, kwa sababu karatasi huifanya izunguke kwa kuyumba. Niliandika kwa kalamu, Kandida, basi. Tukaiweka kwenye deki. Wanawake wakasongamana mlangoni na unga wao kichwani.

Ngoma ikaanza. Akaingia, akainua mikono. Wa kulia ukatulia, na wa kushoto, pale kwenye kifundo, kiganja kikaanza kutetemeka, haraka na safi, kila kidole kikiwa kimoja. Mtetemo ule ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ulihitaji nusu zote za picha, kila moja kwa zamu yake. Nilipozichanganya ndipo nilipoua mkono. Mlangoni mtu akapiga kigelegele. Mzee Ruhaga akachungulia juu ya mabega ya wanawake.

"Huyo mama," akasema, "anafukuza nzi?"

Goreti akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikujua kilichotangulia.

Alhamisi malori yalipita mbele ya soko. Diski moja ilikuwa kwenye begi la mume wake, nyingine ndani ya mfuko wa unga, imezungushiwa khanga. Hilo la kutenganisha nakala ni shauri langu, na mimi huwapa bure hata ninyi mnaosema kila kitu kiko mtandaoni.

Miaka ikapita. Kambi ikafungwa, soko likahama, Mzee Ruhaga akarudi kulima. Nami siku moja nilikuwa gulioni Kabanga, karibu na mpaka, nanunua maharage, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, Mama Kanda." Alikuwa Goreti, amenenepa, unene wa kweli siyo wa Mugoma, ana mtoto mkononi na mwingine mgongoni. Nilimkumbatia palepale na maharage yangu. Nikamwuliza lile nililokuwa nimeogopa kumwuliza mtu yeyote miaka yote ile: walikupokea?

"Tulipofika walitutandikia mkeka uani," akasema Goreti. "Mkeka wa wageni. Wakatupa maji, wakatupa chakula, wakatuuliza maswali kwa heshima siku mbili. Siku ya tatu tukaenda kwa jirani mwenye deki, aliiwasha kwa betri ya gari. Bibi tulimshika mkono, macho yake yamekwisha, anaona vitu kama moshi. Mjomba akamwambia, huyo ni Kandida. Bibi akasema, Kandida gani, mimi simwoni. Uso hakuuona kabisa, mama. Ngoma ikaanza. Mikono ikapanda. Bibi akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akaweka kidole chake juu ya kile kiganja. Akakaa hivyo mpaka ngoma ikaisha. Kisha akawageukia wajomba kwa hasira, akawauliza, kwa nini mmemlaza mtoto wa nyumba hii kwenye mkeka wa wageni?"

Nilikaa chini, juu ya gunia la mtu, nikalia mbele ya gulio zima. Kwa maana kiganja kile, vijana wangu, siku mbili kabla ya malori nilikuwa nimekifuta, na nilifunga duka nikiimba.